UZI: Niliacha chuo nikiwa nimebakiza mwaka mmoja, sasa nataka kurudi kumalizia. Naanzia wapi?

Kalamu Butu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu. Nimekuwa msomaji wa kimya kimya kwa muda mrefu, leo nimeona na mimi nifungue mdomo.

Niliacha chuo nikiwa nimemaliza mwaka wa tatu wa uhandisi, umebaki mmoja. Sikufukuzwa. Kulitokea ugonjwa nyumbani, mimi ndiye mkubwa, na ilibidi mtu mmoja asimamishe mambo yake. Nikasimamisha yangu. Nilijua ni semesta moja tu. Ikawa mwaka, mwaka ukazaa mwenzake, nikapata kazi, nikaoa. Leo niliokuwa nao darasa moja wanasaini michoro ambayo mimi naibeba kuipeleka saiti.

Kazini nimegota. Bosi hanifichi, anasema kazi yangu anaijua lakini nafasi ya juu inataka cheti. Mke wangu kila siku ananisukuma. Kinachonikwamisha ni kichwa. Nimefungua daftari langu la zamani la kalkulasi, ukurasa wa intigresheni. Mwandiko ni wangu, wino wa bluu, na pembeni nimejiandikia "rahisi, usisahau kugawa kwa mbili". Nikakodoa macho weee. Sikujua ninagawa nini kwa mbili, wala kwa nini.

Sasa nauliza waliowahi kurudi: kichwa kinafunguka tena, au nitaenda kujidhalilisha mbele ya watoto? Na je, chuo kinampokea mtu aliyepotea muda wote huu, au naanza upya mwaka wa kwanza?

Nondo Kavu

Rudi mkuu. Hao watoto nao wanajidhalilisha wenyewe bila msaada wako.

Pembe ya Nyuma

Nakaa hapa nisubiri wajuzi. Na mimi niko kwenye foleni hiyohiyo.

Msajili Mkongwe

Kijana, nimefanya kazi ofisi ya usajili ya chuo miaka mingi kabla sijastaafu. Umeanza na kichwa, mimi nakurudisha kwenye makaratasi, kwa sababu niliowaona wakikwama mlangoni wengi wao vichwa vilikuwa vizima kabisa.

Swali la kwanza: uliondoka kwa mlango gani? Chuoni watu huondoka kwa njia tatu, na kila njia ina njia yake ya kurudi. Yuko aliyeahirisha masomo kwa barua, akajibiwa, jina lake likabaki kwenye vitabu. Yuko aliyetoweka tu: hakuandika, hakuaga, muhula ukaanza hayupo. Na yuko aliyedisko, yaani chuo chenyewe kilimwondoa kwa sababu ya matokeo. Wa kwanza anaomba kurejea. Wa pili kwa kawaida huhesabiwa kuwa amejiondoa mwenyewe, hivyo anaomba kudahiliwa upya, ila ana haki ya kuomba kozi alizofaulu zitambuliwe. Wa tatu huwa kuna muda anaotakiwa kukaa nje kwanza, na mara nyingi anaitwa kujieleza.

Watu hudhani kuahirisha ni ruhusa isiyo na mwisho. Barua ya kuahirisha huwa na tarehe. Tarehe ikipita hujaripoti, unahama kundi la kwanza unaingia la pili bila mtu yeyote kukupigia simu. Kwa hiyo tafuta hiyo barua uisome, hasa aya ya mwisho ambayo hakuna anayeisomaga.

La pili, vyuo vingi vina ukomo wa miaka ya kumaliza programu tangu siku uliyosajiliwa. Uliza ukomo wenu ni upi, na kama miaka ya kuahirisha inahesabiwa humo au inatolewa. Vyuo havifanani kwenye hilo. Mahali pengine ukomo ukipita kamati inaweza kuongeza muda, pengine hawasogei hata kidogo.

La tatu ndilo zito kwa mtu wa uhandisi, nalo ni mtaala. Programu uliyoiacha huenda haipo tena kama ulivyoiacha. Kozi mbili zimeunganishwa, moja imefutwa, nyingine imeingizwa mwaka wa pili na wewe wa pili ulishaupita. Hapo ndipo mtu anapoambiwa "umebakiza mwaka mmoja" halafu akifika anakuta na kozi tatu za nyuma za kusoma. Usikubali maneno ya korido. Omba mkuu wa idara akulinganishie kozi zako za zamani na mtaala wa sasa, kwa maandishi, na sahihi yake iwepo. Mkuu wa idara hubadilika. Karatasi inabaki.

Na ukague madeni. Ada iliyobaki, kitabu cha maktaba, kifaa cha maabara. Deni dogo la zamani linaweza kukufungia transkripti (hati rasmi ya matokeo yako), na bila transkripti hakuna kinachosogea, hata ukitaka kuhamia chuo kingine.

Kalamu Butu

Mzee wangu, shikamoo, na asante sana. Barua nimeipata, ilikuwa ndani ya bahasha pamoja na kadi ya kliniki. Niliruhusiwa mwaka mmoja tu. Kwa maana hiyo niko kundi la pili?

Msajili Mkongwe

Marahaba. Kwa kanuni za vyuo vingi, ndiyo. Ila kuwa na barua kunakuweka mbele ya aliyetoweka kimya, kwa sababu inaonyesha uliondoka ukiwa mwanafunzi mwenye matokeo mazuri na kwa ruhusa. Iambatishe. Na usiseme "nilidhani". Sema muda uliisha na hukuripoti, basi.

Bwana Nukta

Mkuu Kalamu, hiyo ya kugawa kwa mbili: ukifanya intigresheni ya x unapata x kwa kipeo cha pili, unagawa kwa mbili. Unaongeza kipeo kwa moja, halafu unagawa kwa kipeo kipya. Kama ni x kwa kipeo cha pili, inakuwa kipeo cha tatu, unagawa kwa tatu.

Kalamu Butu

Duh! Nilivyosoma hiyo sentensi nikarudi kwenye daftari, na mistari minne iliyofuata nikaielewa bila kuambiwa. Na ile C inayoongezwa mwishoni mwa jibu pia nimeikumbuka ni ya nini.

Fahamu za Kuazima

Hicho kilichokutokea sasa hivi, Kalamu, ndicho nilichokuwa nakuja kukiandika. Nafundisha saikolojia chuoni na hofu ya "nimesahau kila kitu" naisikia kila mwanzo wa mwaka.

Kuna tofauti kati ya kushindwa kukumbuka na kufutika. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe, akachapisha matokeo mwaka 1885. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana yoyote, akaziacha, kisha baadaye akazikariri upya na kupima ametumia muda kiasi gani. Baada ya mwezi mmoja marudio yalimpunguzia takriban asilimia 21 ya kazi ya mwanzo. Na hizo ni silabi za ovyo, hazishikamani na kitu chochote kichwani. Ukijipima kwa kukodolea ukurasa macho utajikuta mtupu. Ukijipima kwa muda unaotumia kujifunza upya, habari inakuwa nyingine.

Halafu kuna mwanasaikolojia Harry Bahrick. Mwaka 1984 alitoa utafiti wa watu 733 waliowahi kusoma Kihispania darasani, wengine walikuwa wameachana nacho kwa miaka hadi 50. Walisahau kwa kasi miaka ya mwanzo, mitatu hadi sita hivi. Baada ya hapo kilichobaki kilitulia kwa miongo kadhaa bila kupungua sana, hata kwa watu ambao hawakukigusa tena. Mwaka 1991 yeye na Lynda Hall wakaangalia hisabati. Waliokuwa wameendelea hadi kuvuka kalkulasi walibaki na aljebra yao kwa karibu nusu karne. Walioishia kwenye aljebra yenyewe iliwatoka, hata waliokuwa wakipata alama nzuri. Wewe ulisoma hisabati za uhandisi miaka mitatu, kwa hiyo msingi unao. Kilichotoka ni cha juujuu: kanuni ndogondogo, alama, majina.

Sasa namna ya kurudisha. Usianze ukurasa wa kwanza wa kitabu cha mwaka wa kwanza ukisoma kama gazeti. Chukua mtihani wa zamani, kaa nao bila daftari, andika unachoweza hata kama ni aibu tupu, halafu ndipo ufungue daftari uone mapengo yako wapi. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walipima jambo hili mwaka 2006. Wanafunzi walisoma matini fupi, kundi moja likarudia kuisoma, jingine likaandika linachokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojijaribu walikumbuka takriban asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Kusoma tena kunaleta raha ya "aah, hiki nakijua", na raha hiyo inadanganya.

Pembe ya Nyuma

Mwalimu, na sisi wa sheria? Hakuna kanuni za kugawa kwa mbili huku.

Fahamu za Kuazima

Kwenu mbinu ni ileile, ila mna tatizo ambalo Kalamu hana: sheria zenyewe hubadilika. Unaweza kukumbuka kifungu vizuri sana na kikawa kimeshafutwa. Kitu kama hicho kipo pia kwa watu wa tarakilishi na wa afya, ndiyo maana vyuo vingi huziwekea kozi za fani hizo muda wa kuisha nguvu. Muulize mzee Msajili.

Msajili Mkongwe

Ni kweli. Hisabati ya miaka kumi iliyopita ni hisabati. Kozi ya programu za kompyuta ya miaka kumi iliyopita, idara inaweza kukwambia irudie.

Mama wa Dawati la Mbele

Naona wanaume mmejadili barua na ubongo, hakuna aliyegusa saa. Mimi nilirudi nikiwa na watoto wawili na kazi. Kichwa hakikunisumbua. Kilichonisumbua ni saa nne za usiku.

Piga hesabu kabla hujajaza fomu. Mfumo wa krediti wa Ulaya unaweka krediti 60 kwa mwaka mmoja wa masomo, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi yote, darasani na nje ya darasa. Zidisha, unapata saa 1,500 hadi 1,800 kwa mwaka. Hiyo ni ajira kamili. Marekani nako hesabu ya kawaida ni saa mbili za kujisomea kwa kila saa moja ya darasani, hivyo mtu mwenye krediti 15 kwa semesta, yaani saa 15 za darasani kwa wiki, amejitwisha saa 45 kwa wiki. Sasa jiulize hizo 45 unazichomoa wapi. Ukisema "nitajibana", hujapanga kitu.

Mimi na mume wangu tulikaa mezani tukaandika vitu ambavyo havitafanyika. Hatukuandika "tusaidiane", maana hilo neno kila mtu ana tafsiri yake. Tuliandika: nguo hazipigwi pasi isipokuwa sare za shule. Wageni wa kulala hawapokelewi wiki za mitihani. Jumamosi asubuhi mama hayupo, hata kama yupo. Hiyo ya mwisho ilileta kelele, watoto walikuwa wanasukuma vikaratasi chini ya mlango. Kimoja kiliandikwa "mama unajua tuko hapa?" Nikakijibu kwa maandishi nikakisukuma nje: "najua, saa sita natoka". Wakaridhika, wakaleta vingine kumi.

Kama chuo kinaruhusu, semesta ya kwanza chukua kozi pungufu. Lakini uliza kwanza, kwa sababu ukishuka chini ya kiwango fulani unaweza kuhesabiwa mwanafunzi wa muda, na hapo mkopo, bweni au ufadhili vinaweza kuguswa. Wengi wanalijua hilo wakiwa wameshachelewa.

Kuhusu hao watoto unaowaogopa: hawana habari na wewe. Wiki ya kwanza wananiita madam, ya pili dada, ya tatu wananiomba noti. Kazi za kikundi ndizo shughuli. Wanakutana saa nne usiku na kuamua mambo kwenye kundi la simu kwa ujumbe mia mbili. Siku ya kwanza kabisa niliwaambia: mimi saa nne nimelala, nipeni sehemu yangu na tarehe, nitaleta siku moja kabla. Nikaleta. Baada ya hapo kila mtu alitaka nikae kundi lake.

Nondo Kavu

"Najua, saa sita natoka." Mama umeniua.

Mpinga Mkumbo

Naona uzi mzima unamsukuma jamaa arudi, ngoja mtu mmoja akae upande wa pili.

Kalamu, je, ni cheti unachokitaka au ni kidonda cha kutokumaliza? Maana ni vitu viwili. Kama ni kidonda, kuna njia za bei nafuu za kukitibu. Kama ni cheti, basi mwambie bosi aandike kwamba ukikipata utapandishwa. Nimeona watu wanarudi, wanamaliza, wanarudi kazini na kukuta nafasi ile ameshapewa mtu mwingine. Na miaka mitatu uliyokwisha kuilipia isiwe sababu. Imeshaenda hiyo, urudi usirudi. Hesabu kuanzia hapa ulipo: gharama ya kilichobaki, na kitakachobadilika ukikimaliza. Uliza pia kama fani yako ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Baadhi ya vyuo na bodi hupima anachokijua mtu na kumpa krediti bila kumrudisha darasani.

Kalamu Butu

Mkuu, swali la haki hilo. Nimekaa nalo tangu jana. Ni vyote viwili, sitasema uongo. Ila kwa uhandisi bila shahada inayotambulika siwezi kusajiliwa na bodi ya wahandisi, na bila usajili siwezi kusaini mchoro, hata bosi anipende vipi. Kwa hiyo hata kama yeye asiponipandisha, kuna mwingine atanichukua. Hilo la kutambuliwa ujuzi nitaliuliza, huenda likanifutia mafunzo ya vitendo.

Mpinga Mkumbo

Hapo sawa. Ukishaweza kusema hivyo kwa sentensi mbili, nenda. Nilitaka kusikia kama unazo.

Bwana Nukta

Mimi ni mtu wa historia japo najifanya wa hesabu. Hofu ya "wakubwa watashusha kiwango" ni ya zamani na ilishapimwa. Juni 1944 Rais Franklin Roosevelt alisaini sheria ya kuwalipia masomo askari waliotoka vitani. Mkuu wa Harvard, James Conant, alikuwa na wasiwasi kwamba vyuo vitajaa wasio na uwezo, na Robert Hutchins, mkuu wa Chuo Kikuu cha Chicago, naye alipiga kelele. Kufikia 1947 askari hao walikuwa karibu nusu ya waliokuwa wakiingia vyuoni Marekani. Wakasoma vizuri kiasi kwamba Conant mwenyewe alibadili kauli na kuwasifu. Si wote walikuwa wanarudi, wengi waliingia kwa mara ya kwanza, lakini walikuwa watu wazima waliopoteza miaka, wengine wana wake na watoto.

Kuna mwandishi Vera Brittain wa Uingereza. Aliacha chuo cha Somerville, Oxford, mwaka 1915 kwenda kuwa muuguzi wa vita. Aliporudi 1919 hakuendelea na fasihi aliyoianza, akahamia historia, akitaka kuelewa vita ile ilitokeaje. Mnaorudi mkumbuke hilo: si lazima mrudie kiti kilekile.

Na Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen. Alikuwa anasomea udaktari wa falsafa (PhD) katika fizikia ya anga pale Imperial College London, akaacha 1974 muziki ulipomnogea. Akarudi, akakamilisha tasnifu mwaka 2007. Ilihusu vumbi linaloelea kati ya sayari. Kilichomsaidia ni kwamba katika miaka yote hiyo mada yake haikuwa imeguswa sana na wengine, kwa hiyo data zake za zamani zilikuwa bado na maana.

Nondo Kavu

Brian May ana hela za kukaa chini na kuhesabu vumbi. Sisi vumbi tunalifagia.

Bwana Nukta

Haha, kweli. Hata hivyo angalia alichotakiwa kufanya: kuonyesha yaliyotokea kwenye fani alipokuwa hayupo na kuyaweka kwenye tasnifu. Kazi hiyo haifanywi na hela. Mtu yeyote aliyeacha utafiti njiani ataulizwa hivyohivyo.

Chozi la Mwamba

Nimesita kuandika, lakini humu kuna watu wa kundi la tatu wanasoma bila kuuliza, basi niwasemee.

Mimi nilidisko. Kilikuwa ni kipindi cha sonona ambayo sikujua jina lake, nilikuwa nalala siku nzima na kukosa mitihani. Nilipoomba kurudi, kamati iliuliza kitu kimoja kwa namna tofauti tofauti: nini kimebadilika? Hawakutaka kusikia nitajitahidi. Walitaka kuona sababu iliyoniondoa imeshughulikiwa. Nilipeleka barua ya daktari ikisema nimetibiwa na naweza kusoma, na ratiba ya kuendelea na matibabu nikiwa chuoni. Nikarudishwa kwa masharti: kozi chache, wastani usishuke kiwango fulani, kuonana na mshauri wa kitaaluma kila mwezi.

Cha kuwaambia ni kwamba nendeni ofisi ya ushauri wa wanafunzi kabla muhula haujaanza, mkiwa wazima. Mkisubiri mpaka mambo yaanze kuyumba, hamtakuwa na nguvu ya kupanda hizo ngazi. Na Kalamu, hata wewe. Uliondoka kwa sababu ya mgonjwa. Je, hali ya nyumbani sasa ikoje? Ikijirudia nani atasimama?

Kalamu Butu

Dada, pole na hongera. Mgonjwa alitangulia mbele ya haki. Mdogo wangu sasa ana kazi, na tumekubaliana lolote likitokea yeye ndiye wa kwanza. Hilo tumelisema waziwazi kwa mara ya kwanza wiki hii, na ni swali lako lililonifanya nimpigie.

Mama wa Dawati la Mbele

Pole sana mwanangu.

Kalamu Butu

Asanteni. Nimeandika barua kwa msajili, naomba mzee aipitie:

"Kwako Msajili. Natumaini u mzima wa afya. Mimi ni mwanafunzi wako wa zamani ambaye kwa sababu zilizo nje ya uwezo wangu nililazimika kukatisha ndoto zangu kutokana na matatizo makubwa ya kifamilia. Kwa unyenyekevu mkubwa naomba radhi kwa ukimya wangu wa muda mrefu. Naahidi nikipewa nafasi nyingine nitasoma kwa bidii zote. Naomba ofisi yako tukufu inifikirie."

Msajili Mkongwe

Barua nzuri ya kumwandikia shangazi. Msajili akishaisoma hajui wewe ni nani, ulisoma nini, wala anatakiwa kufanya nini. Ataiweka kwenye trei, na mimi hizo trei nazijua.

Toa "natumaini u mzima". Toa ndoto, toa bidii, toa "tukufu". Radhi pia toa, hujamkosea mtu. Habari za ugonjwa zibaki kwa kamati kama wataziomba. Neno "inifikirie" halijibiki; uliza vitu ambavyo mtu anaweza kujibu kwa ndiyo, hapana, au tarehe. Iwe hivi:

"YAH: MAOMBI YA KUREJEA MASOMONI, NAMBA YA USAJILI (weka namba). Nilikamilisha mwaka wa tatu wa shahada ya uhandisi na kuruhusiwa kuahirisha masomo kwa mwaka mmoja. Nakala ya barua ya ruhusa imeambatishwa. Muda huo uliisha bila mimi kuripoti. Ninakusudia kumaliza programu na naomba kufahamishwa: (a) iwapo ninarejea au ninaomba udahili upya, (b) iwapo niko ndani ya ukomo wa muda wa programu, (c) iwapo nina deni lolote, (d) tarehe ya mwisho ya maombi kwa muhula ujao. Naomba pia idara ilinganishe kozi nilizofaulu na mtaala wa sasa. Nimeambatisha matokeo yangu. Nakala: Mkuu wa Idara."

Jina liandike kama lilivyo kwenye usajili wako wa kwanza, hata kama siku hizi unatumia jingine. Ukiipeleka kwa mkono, nenda na nakala mbili na moja igongwe mhuri wa kupokelewa.

Pembe ya Nyuma

Naiba hii barua kama ilivyo.

Msajili Mkongwe

Iba, ila futa uhandisi.

Kalamu Butu

Nimeipeleka, mhuri umegongwa. Dada wa mapokezi amesema kujibiwa kwa (a) hadi (d) hakuchukui muda mrefu, ila idara hukawia.

Msajili Mkongwe

Idara hukawia kweli. Zikipita wiki mbili nenda ukaonane na mratibu wa programu, si mkuu wa idara, kwa sababu mratibu ndiye anayekaa na mitaala yote miwili mezani. Wakati unasubiri endelea na mitihani ya zamani kama mwalimu alivyosema. Na majibu yakija yalete humu, hasa ya kulinganishwa kwa kozi. Hayo ndiyo yatakayokwambia kama umebakiza mwaka mmoja au miwili, na mkeo anahitaji kulijua hilo kabla hujaomba likizo kazini.